Gari Imefika

Kule Nyakabiga kuna saluni ndogo ambako wanapaka nywele mafuta ya nyonyo. Yakigusa kitana cha moto, moshi unatoka mzito, wenye utamu wa kuchefua. Wengine hukimbilia dirisha. Mimi namuona Bibi, mama wa baba yangu, na mkono wake juu ya mfuniko wa sufuria.

Sikusoma sana, na haya niliyasikia nikiwa mtoto, basi mnivumilie nikikosea. Baba alikuwa shoferi wa kamyo. Siku moja tulikuwa tunamngoja kutoka Uvira, kaka yangu Juma akaingia uani mbio.

"Bibi, kamyo imefika! Tupakulie!"

"Kamyo nimesikia. Mutu je?"

"Si ni yeye anaiendesha? Ama inajiendesha?"

"We mutoto, apana kula kwanza."

Wali ulikuwa tayari, matumbo yanalia. Juma akamwiga kwa sauti ya puani, "Mutu je? Mutu je?", tukacheka mpaka machozi. Bibi akabana mfuniko, mvuke unamchoma vidole. Baba alipoingia, vumbi tupu, Bibi alimshika kwanza uso, mashavu yote mawili, ndipo akatupakulia. Yeye mwenyewe hakula.

Baadaye tukiosha vyombo, mimi na yeye tu, akanisimulia. Zamani, gari lilipokuwa bado kitu cha watu kutoka nje kwenda kulishangaa, Wazungu walishindana kwa magari, mbio za siku nyingi, milimani na kwenye mito isiyo na madaraja. Zilianzia wapi, Bibi mwenyewe hakuwa na hakika. Baba yake alikuwa fundi, akachukuliwa na Mzungu mmoja. Kazi yake ilikuwa kuzungusha chuma cha kuwashia gari, kulisukuma kwenye matope, na kuilisha injini mafuta ya nyonyo, maana magari yale ya mbio yalikunywa hayo. Aliondoka amesimama kwenye ubao wa pembeni, anapunga kofia, na moshi ule ukabaki mtaani nyuma yake.

Siku zikapita. Kisha ikaja simu ya maandishi kwa Mwarabu mwenye duka, akamsomea mama yake Bibi: gari imefika. Mama akapiga vigelegele. Akachinja jogoo, akapika wali, akaita majirani kusoma dua ya shukrani.

Hakuna aliyesema uongo, Bibi alilikazia hilo. Gari lilifika kweli. Baba yake ndiye aliyekuwa ameanguka njiani, kwenye kona ya mlima, na kofia ililetwa baadaye na wachuuzi. Yule Mzungu nami simhukumu. Labda alisimama, labda alirudi kumtafuta. Hakuna aliyetuambia.

"Tulizani tunakula shukrani," Bibi akasema, "kumbe ilikuwa hitima yake." Akasugua sufuria kidogo. "Na mi niliomba nyongeza."

"Walikupa?"

"Walinipa. Paja."

Nilifurahi kwamba alipewa paja. Furaha hiyo ya kijinga nilikaa nayo miaka mingi. Bibi alikuwa ameshazikwa, nami nawangoja wa kwangu watokao safari, ndipo nikaelewa kwamba mkono ule juu ya mfuniko haukuwa unatuzuia sisi. Ulikuwa unamzuia mtoto mmoja wa zamani, mwenye njaa, aliyenyoosha sahani mara ya pili.