Machozi ya Shangazi Maabarani

Nacheka sasa, lakini siku ile ningeonyeshwa shimo ningeingia mwenyewe nikajifukia. Nilikuwa namaliza miezi mitatu ya majaribio kwenye maabara moja kule Rusayl, wageni wanakuja, na bosi wangu, Dokta Nasra, alisema nikiwaonyesha vizuri kimeng'enya chetu basi kazi ni yangu. Kimeng'enya hicho hukata viungo vya sukari kwenye ukuta wa bakteria (ukuta wenyewe umefumwa kwa sukari na vipande vya protini), ukuta ukibomoka bakteria wanapasuka, na maji yaliyokuwa na ukungu yanatakata huku unayaangalia. Kimo kwenye ute wa yai, na kimo kwenye machozi.

Mayai yalikuwepo, trei nzima. Lakini mimi na kujifanya kwangu, nikaona yai halina mbwembwe, nikamleta shangazi yangu Bi Zuhura kutoka Ansab, mtu anayelia harusini, anayelia uwanja wa ndege hata kama anayesafiri hamjui. Nikamkataza wanja, machozi yasije yakachafuka.

Basi wageni wamekaa, shangazi kakaa mbele yao, nimemkingia kichupa chini ya jicho, na jicho kavu.

"Lia basi, shangazi," nikamnong'oneza.

"Nililie nini, mwanangu? Nna furaha mie! Wallahi leo nnakuona na koti lako jeupe." Kisha akamgeukia mgeni mkubwa (kwa bahati mbaya Kiswahili anakijua kuliko mimi): "Huyu ana miaka thalathini na nne, hajaolewa, wali unamuungulia, lakini roho yake nzuri. Wewe una mke?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nilijikaza, nikashindwa, nikaangua kilio, na Dokta Nasra (hana huruma yule) akaninyang'anya kichupa akakinga machozi yangu. Alipoyatia kwenye maji ya bakteria, maji yakawa meusi tititi, maana wanja nilimkataza shangazi tu, mwenyewe nilijipaka wa kutosha harusi mbili.

Hapo shangazi, kuniona nimeadhirika vile, akaanza. "Masikini mwanangu!" Alilia kwa kwikwi, machozi yanashuka safi, akainua ncha ya mtandio ajifute.

"Usifute!" tukapiga kelele wote, na wageni wamo.

Tukayakinga, tukayatia kwenye chupa ya pili ya maji ya bakteria, ikatakata, watu wakapiga makofi, na kazi nikapata. Ila mgeni mkubwa wakati wa kuaga alinisogelea, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba mke anaye. Tangu siku hiyo natumia yai, na nitatumia yai mpaka nistaafu, kwa sababu yai halimtaji mtu umri wake.