Mdomo wa Nurdine

Kwenye ukuta wa chuo, pembeni ya mlango wa maktaba, wamebandika picha ya mdogo wangu na maisha yake kwa mistari kumi na miwili ya Kireno. Nimesomewa mara mbili. Amezaliwa Mocímboa da Praia, akapoteza usikivu utotoni, ni fundi seremala, ndiye aliyejenga rampa ya kwanza ya chuo, ni mfano wa ujumuishi kwa jamii nzima. Hata randa yake imetajwa. Mimi simo. Haya basi, na mimi naandika ya kwangu, na wivu wangu sitauficha, maana hata nikiuficha mtauona.

Nurdine aliugua homa akiwa na miaka mitatu, mimi nina tisa. Homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Mama alimpeleka hospitali, akampeleka kwa mganga kule Mbau, akamsomesha dua kwa masheikh watatu, mwisho akachoka akanikabidhi. "Haula, huyu wako," akasema, nami nikamchukua kweli. Hakuna aliyetufundisha lugha, tuliitengeneza wenyewe uani. Mama alikuwa kiganja kinachopaka msiro, ule urembo mweupe wa uso, shavuni. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa ngumi mbili zinazovuta wavu. Zuleha, binti wa jirani mwenye mwanya, alikuwa ncha ya kidole kwenye meno ya mbele. Na mimi nilikuwa vidole viwili juu ya midomo. Mdomo. Jina hilo alinipa mwenyewe, hajafika hata miaka mitano, na sijapata kupewa jina zuri kuliko hilo.

Alipokuwa fundi, ukitaka kitanda kwa Nurdine ulianzia kwangu, pale ninapokaangia samaki karibu na bandari. Mimi ndiye niliyefuta mikono nikakupeleka karakanani, nikamweleza kwa mikono, naye akanijibu, nami nikakujibu wewe. Mteja akikazana kushusha bei, Nurdine alimkatalia kwa maneno makali ambayo Nurdine mwenyewe hakuyasema. Niliyasema mimi. Nani angejua? Watu walisema, "Yule bubu ana ulimi mkali," nikacheka peke yangu njia nzima.

Sasa nifike pale ambapo moyo haupendi kufika.

Kwetu kijana haendi kuposa mwenyewe. Anatuma mtu, mtu huyo anabeba neno na kitu kidogo cha kufungulia mlango, wazee wanafuata baadaye. Mwaka mmoja kabla hatujaukimbia mji kwa sababu ya vita, Nurdine alinijia na doti ya kanga nyekundu ndani ya mfuko, mpya, alizozinunua kwa Bwanaheri mfanyabiashara wa Mtwara. Akaweka kidole kwenye meno ya mbele. Akasokota vidole viwili pamoja: ndoa. Halafu vidole viwili midomoni: wewe, nenda ukanisemee.

Nilipokea mfuko. Sikwenda.

Nilikuwa nimeachika, sina mtoto. Nilichokuwa nacho duniani ni kuwa mdomo wa mtu. Nilijua Zuleha akiingia nyumba ile atajifunza mikono yetu ndani ya mwezi, halafu watakuwa na alama zao wenyewe, za chumbani, ambazo mimi sitazijua, na wateja watabisha kwake. Nilimwonea wivu hata kabla hajaposwa. Siku ya tatu nikamwendea Nurdine, nikafuta kiganja kwa kiganja: wamekataa. Akauliza kwa nini. Nikagusa sikio langu.

Hakulia. Alirudi kwenye kazi yake, na siku nne mfululizo alipiga randa ubao mmoja mpaka haukufaa tena hata kwa kigoda. Mwaka uliofuata Zuleha akaolewa na huyo huyo Bwanaheri akaenda Mtwara, na sisi tukakimbilia Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kama wenzetu wote. Masufuria niliyaacha. Zile kanga nilizibeba. Mama alifia huko huko Pemba, tukarudi wawili, na kanga nikaziweka chini kabisa ya sanduku jipya.

Mji ulipoanza kujaa watu tena, chuo kimoja kikafungua tawi hapa, madarasa sita na ua mkubwa. Nurdine akapewa kazi ya kutengeneza madawati. Halafu akaja mwanafunzi anayeitwa Domingas, anatembelea kiti cha magurudumu, na kila asubuhi wenzake walimbeba juu kwa juu kupanda ngazi kama gunia la mihogo. Nurdine aliangalia siku mbili. Siku ya tatu akaanza kujenga rampa, njia ya mteremko kando ya ngazi, hajaambiwa na mtu. Hapo ndipo chuo kilipogundua kuwa kina ujumuishi.

Wakamleta Natália kutoka Nampula, mwalimu na mkalimani wa lugha ya alama, ile ya serikali, yenye cheti. Kila Jumamosi anafundisha bure pale chuoni. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, vidole vyembamba, kucha za rangi, hata akisema "maji" unadhani anacheza ngoma. Alikuja kununua samaki kwangu na Kiswahili chake cha sokoni, akiniita dada kwa Kireno: "Mana Haula, nipa tatu kubwa." Habishani bei. Hata hilo lilinichukiza. Siku moja akaniambia, "Mana Haula, njoo na wewe Jumamosi," nikamjibu kuwa nilianza kusema na ndugu yangu yeye hajazaliwa.

Miezi minane tu, Nurdine akabadilika mikono. Alirudi nyumbani na maneno nisiyoyajua, anayatupa mezani, mimi natoa macho. Mwanzo alirudia kwa alama zetu. Baadaye alipunga mkono tu, achana nayo, akaendelea kula. Wateja wakaanza kwenda kwake moja kwa moja, na karatasi na kalamu, au na mwanafunzi wa Natália. Mimi niliyemsemea miaka thelathini nikawa mkaanga samaki tu, basi.

Kisha Zuleha akarudi. Bwanaheri alimwacha, akaja na binti yake mdogo kwa mama yake, akaanza kukaanga bajia getini mwa chuo. Nilipomwona pale nilisahau nilichokwenda kununua. Nurdine hana masikio, lakini macho anayo, na sasa alikuwa na Natália. Nikawa kila siku naangalia uso wake akirudi kazini, kama ameambiwa. Uso wa seremala ni ubao tu. Sikuona kitu.

Ikaja siku yao kubwa, wanaiita jornada ya ujumuishi. Asubuhi, turubai uani, viti mia mbili. Mkuu wa tawi akasema kwamba chuo ni cha wote. Wanafunzi wakasimama wakasalimu, huyu Kimakonde, huyu Kimwani, huyu Kimakua, huyu Kiswahili, kila mmoja akapigiwa makofi. Natália akatufundisha makofi ya viziwi: mikono juu, vidole vinatikisika, bila sauti. Nilitikisa vyangu kwa uvivu.

Nurdine akapanda jukwaani na shati jeupe nililolipiga pasi mimi. Akasema kwa mikono. Natália akatafsiri kwa Kireno. Rizuane, mwanafunzi wa mwaka wa pili, akageuza Kireno kuwa Kiswahili. Maneno ya ndugu yangu yakanifikia yamechujwa mara mbili kama chai, na mimi nimekaa safu ya nne nasubiri zamu yangu na watu wengine. Niliona uchungu ambao sijui niufananishe na nini.

Alisimulia rampa. Ya kwanza ilikuwa kali mno, Domingas akateleza kinyumenyume mpaka kwenye maua, na badala ya kulia akacheka, na watu uani nao wakacheka. Halafu Nurdine akasita. Akaweka vidole viwili juu ya midomo.

Natália akaitazama ile alama. Akamwomba arudie. Akarudia. Natália haijui. Nurdine akaninyooshea mkono mimi.

"Mana Haula," Natália akaita kwenye kipaza sauti, "hii ni nini?"

"Ni mimi," nikasema. Sitadanganya: nilifurahi. Ua mzima uligeuka kunitazama, na mwenye cheti hakuwa na jibu ila kwangu. Wakaniita mbele, nikaenda najirekebisha mtandio kama bi harusi.

Nurdine akanigeukia. Akaziacha alama za Natália, akasema kwa zetu, za uani kwa mama. Kidole kwenye meno ya mbele. Mikono miwili inayofunga kanga kifuani. Kiganja wazi: ziko wapi?

Nikaacha kurekebisha mtandio. Rizuane akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

"Dada Haula, anasemaje?"

Watu mia mbili, na ni mimi tu niliyeelewa. Ndicho nilichokitamani miezi minane.

"Anasema ahsante," nikasema. "Ananishukuru kwa kumlea."

Mikono ikapanda uani pote, vidole vinatikisika. Nurdine akaitazama. Aliuliza swali, na watu wanalishangilia. Aliwatazama mpaka mikono ya mwisho ikashuka, kisha akanirudia mimi, akauliza tena, taratibu, vile unavyomuuliza mtoto aliyevunja kikombe. Zuleha. Kanga. Ziko wapi? Halafu akagusa sikio lake, akatikisa kichwa. Si hili. Halikuwa hili.

Getini Zuleha alikuwa amesimama na beseni lake la bajia.

Nikavuta kipaza sauti. "Nimesema uongo," nikasema. "Anauliza kanga za posa yake ziko wapi. Ninazo mimi. Miaka sita. Alinituma, sikwenda, nikamwambia wamekataa kwa sababu ya masikio yake." Na kwa mikono nikamwambia mwenyewe: sanduku, chini, mimi. Kilichobaki nikashindwa, maana katika alama zetu zote hatukuwahi kutengeneza ya kuomba msamaha. Nikaweka mkono kifuani tu.

Rizuane alikwama kwenye neno posa, akatafuta Kireno chake, hakukipata. Wachache nyuma wakatikisa vidole kwa heshima, wakidhani ndiyo ratiba, Domingas akamshusha jirani yake mkono. Nurdine akaitika mara moja kwa kichwa. Akamgeukia Natália, akasema kitu, Natália akasema, na Rizuane, jasho linamtoka, akatangaza:

"Anasema turudi kwenye rampa."

Akaisimulia hiyo rampa robo saa nzima. Vipimo vyote. Mimi nikiwa nimesimama pale pale, hakuna aliyeniambia nikae.

Baadaye nilijua kuwa wiki ile, kabla ya jornada, Nurdine alikwenda getini na Natália kununua bajia, akamuuliza Zuleha ni nani kwao aliyemkataa. Zuleha akasema hajapata kuja mtu.

Baada ya swala ya alasiri walikuja nyumbani, Nurdine na Natália. Nilikwishazitoa kanga, zimeshika harufu ya sanduku, wekundu wake bado ule ule. Nilimkabidhi. Nilijua atazipeleka na yule wa kucha za rangi, na nikiwa mkosaji hivyo hivyo nilikuwa nimeanza kununa. Lakini hakuzipokea. Akaweka vidole viwili juu ya midomo, akaonyesha njia.

"Anasema wewe umetumwa," Natália akaniambia. "Kazi bado. Mimi nakuja, namwambia unasema nini."

Kwetu muoaji haji siku hiyo, lakini Nurdine alikuja, na mama yake Zuleha alipotutandikia mkeka alichagua mahali anapoona vizuri. Mimi nikakaa mbele na kanga mapajani. Nikatoa salamu. Nyuma yangu nikasikia bangili za Natália zimeanza kulia, mikono yake inafanya kazi, na nilipogeuka kidogo nikaona Nurdine hanitazami mimi hata kidogo, anaitazama ile mikono. Wivu ukanipanda tena, Mungu ananiona.

Kiswahili cha Natália ni cha sokoni. Nikasema pole pole, kwa maneno mepesi, asije akakosa hata moja.