Muti wa Angèle katikati ya Maji

Umuwazie kwanza namna alivyokuwa akifika, kabla ya haya nitakayokusimulia. Mutumbwi wa injini unatoka upande wa Kilwa ya Congo, umelemewa na magunia, na mbele kabisa, pale wengine hawapendi kukaa kwa sababu maji yanawarukia, kuna mwanamuke mufupi aliyejifunga kitambaa chekundu mara mbili: mara ya kwanza kuzunguka kichwa, mara ya pili chini ya kidevu. Mikono imeshika ubao. Macho ameyafunga. Midomo inacheza, anasali. Mutumbwi ukigusa muchanga wa Nchelenge, anafungua macho, anaruka, anakamua kitenge chake, na papo hapo anaanza kutaniana na wapagazi kama mutu aliyestarehe safari nzima.

"Bana Zéphirin, leo tena umemusumbua Mungu?" mupagazi mumoja anamuuliza.

"Nimemukumbusha tu. Iko na batu mingi ya kuchunga. Anaweza kusahau mumoja."

Huyo ndiye Angèle. Kule Congo wanamuita Mama Angèle. Huku kwetu, kwa desturi ya Wabemba, anaitwa kwa jina la mutoto wake wa kwanza: Bana Zéphirin, mama yake Zéphirin. Anaitika yote mawili. Miaka mingi amevusha chumvi, sabuni na vitenge, na kurudi na chisense, vile visamaki vikavu ambavyo vikikosekana nyumbani hata paka anahama. Kutoka Puta mpaka Mofwe, hakuna kambi ya wavuvi ambayo hajakaa na kunywa maji.

Zamani alivuka macho wazi kama sisi wote. Lakini siku moja upepo wa kusini uliamka bila kubisha hodi, ukapindua mutumbwi wao mbali na nchi kavu, na Angèle akaokoka kwa kukumbatia jerikani tupu mpaka wavuvi wakamuokota. Tangu hapo, mutumbwi ukiondoka tu, macho yanafungwa. Lakini kuvuka hakuacha. Shika hilo juu yake kabla sijaendelea: kuna mutu anayeogopa kitu na kukikimbia, na kuna mutu anayekiogopa na kesho yake asubuhi amekaa tena mbele ya mutumbwi.

Sasa sikia namna upepo uleule ulivyomutafutia kazi.

Walikuja watu wa kampuni moja wanaotaka kupanda minara ya upepo ndani ya ziwa, mbali na pwani, pale ambapo upepo haukatwi na milima wala miti. Minara mirefu yenye mabawa yanayozunguka na kutoa umeme. Lakini minara kama hiyo haipandwi kwa kubahatisha. Lazima kwanza upepo upimwe mwaka muzima, kiangazi na masika. Lazima ijulikane chini ya maji ni matope ao jiwe, samaki wanazalia wapi, mitumbwi inapita wapi, na waya wa umeme utalala njia gani mpaka ufike nchi kavu. Basi kabla ya munara hata mumoja, walileta boya. Ilikuwa ya manjano, pana kama chumba kidogo, na sola pembeni, na katikati yake kioo kama jicho linalotazama mbinguni. Kutoka kwenye kioo hicho, mwanga usioonekana unapanda juu na kusoma upepo unakimbia namna gani kule ambako mabawa yatazunguka. Waliifunga kwa minyororo mahali ambapo maji si ya kina kirefu.

Aliyesimamia kazi alikuwa Levy, enjinia wa hapahapa Zambia, kijana mupole aliyesoma mbali. Ziwa hakulijua na hakuona haya kusema hivyo. Alitafuta mutu wa kuzungumuza na kambi za wavuvi, kwa Kibemba na kwa Kiswahili. Kila aliyemuuliza alimuonyesha Angèle.

Mukutano ulifanyika hapa Nchelenge, na ulikuwa wa moto. Chomba, mukubwa wa kambi moja ya kule Puta, mutu wa maneno mengi na kifua kipana, alisimama na kusema leo wanaleta boya, kesho watatufungia ziwa. Wengine walipiga kelele kwamba boya itavunjwa kabla ya mwezi kufa. Levy akaanza kupanguza jasho. Ndipo Angèle akaingia katikati.

"Enjinia, sikia," alisema. "Minaweka jina yangu hapa. Kama mutu ya ziwa hii anaharibu ile boya, musiniite tena Mama Angèle. Muniite muongo, huku na kule Kilwa." Kisha akawageukia wavuvi. "Na ninyi, bandugu zangu, ile boya muiheshimu sawa muti ya mutu. Mumesikia?"

Walisikia. Walisikia vizuri sana, kama utakavyoona.

Hapa kwetu, muti uliosimikwa ndani ya maji kwa kufungia nyavu ni kama nyumba ya mwenyewe. Mawimbi yakikupiga, unaweza kufunga mutumbwi wako kwenye muti wa mwenzako na kupumuzika, hata kama hayuko. Lakini ukiondoka, unaacha samaki mumoja kwenye panda ya muti, kichwa kikitazama nchi kavu. Maana yake: nilipita, nilipumuzika, mimi si mwizi. Na mwenye muti akimukuta huyo samaki, lazima amule pamoja na yeyote aliye karibu. Mwenye muti asiyekula samaki wa adabu anasemwa vibaya kuliko mwizi.

Kazi ilienda vizuri mpaka kiangazi kilipokaza. Siku moja Levy akamuita Angèle biro, ofisini kwake. Uso wake haukuwa wa kawaida.

"Mama, boya imekuwa kipofu," alisema. "Kioo hakisomi. Sola nazo zinakufa. Wakubwa wangu wameona picha: jicho lote limepakwa uchafu. Wanasema ni watu wa huku wamelipaka."

"Ni uongo."

"Labda. Lakini wanataka upepo wa mwaka muzima, bila tundu kubwa katikati. Tundu likizidi, wataing'oa boya na kuipeleka maji mengine. Na wataandika kwamba wenyeji waliiharibu."

Angèle alikaza kitambaa chake chini ya kidevu. Mufanyabiashara wa ziwa hana duka wala kufuli. Ana jina tu. Jina likianguka, hata mutumbwi wa kumuvusha hatapata, na yeye jina lake alikuwa amelisimamisha mbele ya watu wote.

"Nipeleke," alisema.

"Mama, wewe unaogopa ziwa."

"Minaogopa. Nipeleke."

Walienda. Macho yake yalifungwa mwendo wote, na aliyafungua tu aliposikia Levy akisema, "Mungu wangu!" Boya haikuonekana. Lilionekana kundi la ndege lililokaa juu ya maji: weusi wa shingo ndefu, weupe wa kelele, na furukombe mumoja amekaa juu ya wote kama chifu. Walipowafukuza, boya ikatokea, nyeupe kwa mavi, jicho limezibwa kabisa. Na pembeni mwake, juu ya ukingo, samaki. Mifupa ya zamani, vichwa vilivyodonolewa, na wengine wabichi wa asubuhi ileile, wamelazwa kwa musitari.

Levy alirudi nyuma. "Hii ni nini? Wanatuloga?"

Angèle aliinama. Akatazama wale samaki wabichi. Kila kichwa kilitazama Nchelenge. Alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini ndani ya mutumbwi, kitambaa kikamuanguka kwenye mabega. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu alielewa kosa lilikuwa la nani.

"Si kuloga, enjinia. Ni adabu," alisema. "Mie njo niliwaambia waiheshimu sawa muti ya mutu. Njo wanaiheshimu. Kila mutu anafunga mutumbwi, anapumuzika, anaacha samaki. Na mwenye muti hakuyi kukula. Basi ndege wamekula mu nafasi yake."

Waliisafisha pamoja. Levy alishika kioo, Angèle akashika sola, amepiga magoti juu ya boya inayoyumba, anasugua na kitambaa chake. Levy ndiye aliyetusimulia baadaye kwamba macho ya mama yalikuwa wazi. Utasugua namna gani ukiyafunga?

Lakini kusafisha si dawa. Kesho samaki watarudi. Kwa hiyo walikata maji moja kwa moja mpaka kambi ya Chomba. Chomba alikuwa anatengeneza nyavu na watu wake. Alipowaona alifurahi.

"Bana Zéphirin! Umeona namna tunachunga jina yako? Hakuna hata mumoja amegusa ile mashini!"

"Nimeona, mulamu, shemeji yangu. Sasa minaomba muache kuweka samaki."

Nyavu zikashuka. Watu wakatazamana.

"Tuache?" Chomba akasema. "Weye ukikuya kwangu, unakaa, unapumuzika, unaondoka bila kuaga, nitakuita nani?"

"Musifunge pale, basi."

"Na upepo ikitupiga, tufunge ku mawingu?" Kambi yote ikacheka. Lakini Chomba hakucheka, alikuwa na jambo lililomukaa moyoni. "Na mie niko na ulizo. Huyu mwenye boya, ni mutu wa namna gani? Tunamuachia samaki muzuri, ile aina tunaita pale, na siku hata moja hakukuya kukula na sisi. Iko na kiburi!"

Hapo Levy akamugeukia Angèle. Angèle alisokota ncha ya kitambaa kilichochafuka.

"Bon," alisema. "Nitapanda muti yangu. Karibu na boya, lakini si karibu sana. Mutafunga pale. Samaki mutaacha pale."

"Weye? Muti ya mwanamuke katikati ya ziwa?"

"Muti inavaa suruali?"

Sasa walicheka mpaka mumoja akadondosha sindano ya nyavu majini. Chomba akanyoosha kidole. "Na nani atakula?"

"Mie. Nitakuya mie mwenyewe, kila posho."

"Na macho ya kufunga?"

"Macho yafunge, yafunguke, hiyo ni mambo yangu. Kinywa itafunguka."

Kila posho, yaani kila Jumamosi. Mwanamuke aliyevuka kwa lazima ya biashara tu sasa alikuwa amejifunga mwenyewe kwenda kukaa katikati ya ziwa na kupika. Levy alileta michoro ya chini ya maji, ile waliyopima kwa ajili ya minara, akaonyesha mahali ambapo udongo ni mugumu na ambapo moshi na ndege havitafika kwenye jicho la boya. Watu wa Chomba wakakata muti murefu, wakausimika kwa kuimba na kutukanana. Angèle akavua kile kitambaa chekundu alichokuwa amekifua, akakifunga juu kabisa. Ndiyo sababu siku hizi ukimuona, kidevu chake kiko wazi.

Akaanza kwenda. Anabeba mbabula, jiko lake la mukaa, na unga na chumvi. Anafunga mutumbwi kwenye muti wake, anakusanya samaki wa adabu, anawasha moto, na wavuvi wanaotoka kwenye chisense wanasogea mumoja mumoja, mitumbwi inagusana mbavu, bukari, yaani ugali, inapita kwa mikono. Wa Kilwa na wa Puta wanakula sahani moja na kubishana juu ya mupira. Ndege nao wakahamia kwake. Furukombe alichelewa kidogo, lakini hata chifu anafuata chakula.

Mwanzo alifika pale macho yamefungwa na kuyafungua kwa kupika tu. Halafu kulikuwa na ile posho ambayo upepo wa kusini uliinuka ghafula, uleule wa zamani. Maji yakawa meusi. Mitumbwi iliyokuwa mbali ikakimbilia kitambaa chekundu, na Chomba, ambaye alikuwa kati yao, anaapa kwamba alimuona Angèle amesimama, mukono mumoja umekumbatia muti, mwingine unapokea kamba zao, macho wazi kama taa, anapiga kelele: "Fungeni! Nafasi iko! Nani amemwaga mboga yangu?" Hakuna aliyepotea siku ile. Chungu tu kilienda.

Boya ilimaliza mwaka wake. Lile tundu la kiangazi lilibaki dogo, jicho halikuzibwa tena, na hakuna aliyeandika kwamba watu wa ziwa ni waharibifu. Upepo uliosomwa umeenda kwa wale wanaochora. Kama minara itasimama kweli, hatujui bado. Umeme tunautaka. Samaki pia tunawataka.

Lakini wakubwa wa kampuni walikuja wenyewe, tukafanya mukutano mwingine. Walionyesha picha ya ziwa letu na minara ndani yake, mizuri, myeupe, inazunguka. Wakauliza kama kuna mutu ana neno. Angèle akasimama palepale aliposimama mara ya kwanza.

"Asante kwa picha," alisema. "Ile minara mutaifunga ku ziwa yetu miaka mingi, si saa moja ya kupumuzika. Adabu ya huku munaijua sasa, enjinia atawaelezea. Minauliza tu: mutaacha samaki gani? Na mutamukula na nani?"

Levy alitafsiri polepole, hakupunguza hata neno. Wageni wakatazamana. Mumoja, mutu muzima wa nywele nyeupe, akasema ni swali kubwa, na kwamba wanataka kurudi nalo nyumbani wakalifikiri.

"Wanaenda kuvua," Chomba akamunong'oneza Angèle, na musitari wetu wote wa nyuma ukacheka.

Hawajarudi bado. Muti wa Angèle ungali umesimama, na kila posho moshi unaonekana. Sasa wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, kama ziwa hili lingekuwa muti wako, ungetaka wakuachie nini?