Nusu Kikombe cha Maji

Katika ukoo wa mama yangu, habari ya kifo haitumwi. Inapelekwa. Anayeipeleka anafika mwenyewe, anapiga hodi, anaomba maji ya kunywa. Anakunywa nusu ya kikombe, na nusu iliyobaki anampa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akishapokea kikombe kile anajua kwamba inafaa akae chini, ingawa hajaambiwa neno. Nilipokuwa msichana niliona desturi hii inapoteza muda. Simu zilikuwa zimeshafika, na mimi nilikuwa mtu wa haraka. Mpaka leo ni mtu wa haraka, ndiyo maana niliibiwa jina langu mchana kweupe.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko chumba cha mbele, nyumbani kwetu Kasenga, na wateja wengi hunitumia picha za modeli za nguo wanazotaka kupitia simu. Asubuhi moja nilikuwa nashona kola ya gauni, mama yuko mlangoni kwenye mkeka anachambua maharagi, ujumbe ukaingia kutoka namba ya kiongozi wa kwaya yetu. Ulisema kuna harusi kubwa. Kitenge cha sare kimeshafika kutoka Bujumbura, wanawake ni arobaini, na anatafutwa mshonaji mmoja wa kuwashonea wote. Ili aniingize kwenye orodha, nimwandikie tarakimu sita zitakazofika kwenye simu yangu sasa hivi.

Anayezijua harusi za kwetu atanielewa. Harusi bila wanawake waliovaa kitenge kimoja ni kama kikao tu, na mshonaji anayeipata kazi hiyo anatajwa mtaani mwaka mzima. Tarakimu zilipofika, chini yake palikuwa na maneno ya Kifaransa yakinionya nisimpe mtu yeyote. Niliyaona, lakini sikuyasoma, kwa sababu kichwani nilikuwa nimeshaanza kukata mikono ya magauni arobaini. Nilizituma. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wazee, na siku ile mauti yalifuata kweli.

Muda si muda akaunti yangu ya ujumbe ikajifunga. Nikasema moyoni, ni mtandao, huo tunaujua. Nikaendelea na kola yangu.

Kabla sijaimaliza, nikasikia vilio njiani. Wanawake watano wa kwaya waliingia uani, vitenge vimefungwa kiunoni, mmoja ameshika kichwa kwa mikono miwili. Walipita mbele ya mama bila kumtazama, wakaja kunikumbatia. Nikawauliza nani amekufa. Walinitazama, kisha wakamtazama mama, na aliyekuwa amelia kuliko wote akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

Mama hakuinuka. Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagi.

“Kumbe miye ndiye nimekufa,” alisema. “Basi mungojee kidogo, maiti iko inachagua maharagi.”

Walinionyesha simu zao. Hapo palikuwa na picha yangu, ile ya kilemba cha manjano ninayoipenda, na chini yake maneno ambayo sikuandika: mama ametuacha asubuhi hii, nimechanganyikiwa, naomba msaada wa sanduku la kumzikia, tumeni kwenye namba hii. Aliyeandika hakuchagua watu. Aliwapelekea wote ninaowajua. Kiongozi wa kwaya alikuwa miongoni mwa wale wanawake, yeye aliambiwa msiba na wenzake kwa mdomo, na hapo ndipo tulipoelewa. Akaunti yake ilikuwa imejifunga tangu jana yake, akadhani simu imeharibika. Mwizi alikuwa amevaa uso wake ili aje kuchukua wangu.

Niliona aibu, kisha hasira, halafu hofu ikaja ikafukuza vyote viwili. Nilimkumbuka mama mkubwa, dada wa mama, anayeishi Sange. Kati ya watoto saba wa bibi yangu walikuwa wamebaki hao wawili tu. Mama mkubwa ana ugonjwa wa presha, na daktari alishatuonya kwamba habari ya ghafla inaweza kumwangusha. Yeye ana simu ndogo ya kupigia tu, lakini mjukuu anayekaa naye alikuwa kwenye orodha yangu. Nilipiga ile simu ndogo, imezimwa. Nikapiga ya mjukuu. Ikaita, ikaita, hakuna aliyepokea. Nikamwona mama mkubwa amelala chini uani kwake, na aliyemuua ni mimi, kwa ajili ya magauni ya watu nisiowajua.

Kiongozi wa kwaya alinishika mkono tukaenda kwa fundi wa simu aliye karibu na shule. Mtu yule hakunicheka, namshukuru mpaka leo. Alinifanya niingize namba yangu upya, tarakimu nyingine sita zikaja kwangu, na nilipoziandika mwizi akatupwa nje. Lakini alikuwa ameshaweka namba yake ya siri ndani, kwa hiyo ilinibidi ningoje siku saba kabla ya kuingia mwenyewe. Fundi alisema ni kama nyumba ambayo mwizi ametoka na ufunguo anao, angalau hayumo. Alinieleza kwamba nikishaingia niweke namba ya siri yangu, na isiwe mwaka wangu wa kuzaliwa, maana huo kwaya nzima inaujua. Tena tarakimu zinazokuja kwenye simu yangu ni zangu peke yangu, hata akiziomba askofu. Wale wanawake wanne waliobaki walikuwa wameshagawana mitaa ili wakawaambie watu kwa mdomo kwamba hakuna msiba. Sikuwatuma. Wengine kati yao walikuwa wameshatuma walichonacho kwenye ile namba, na hakuna aliyenitajia.

Mimi nilikwenda barabarani kutafuta gari la Sange. Nilikuwa bado na futi ya kupimia shingoni. Nikiwa nimesimama pale, pikipiki ikanipita kwa kasi, na mwanamke mzee aliyepakiwa nyuma akampiga dereva mgongoni mpaka akasimama. Alikuwa mama mkubwa, kuku kwapani, mfuko begani, amekunja uso kama anayekwenda sokoni kudai haki yake.

Nilimkimbilia nikaanza kueleza yote kwa pamoja. Alinikatiza.

“Maji iko wapi?” aliniuliza.

Sikuelewa. Akasema mjukuu alimsomea yale maneno huku analia, wakalia na majirani, yeye akakataa. Aliwaambia wangoje. Mjukuu akaiacha simu ndani akabaki jikoni na huzuni yake, na mama mkubwa akapanda gari peke yake, kisha akamalizia njia kwa pikipiki.

“Kwetu muntu akikufa, muntu anakuya,” alisema. “Hakuna muntu alikuya. Hakuna maji nilikunywa. Nitalia juu ya nini?”

Nililia mimi, pale barabarani, dereva wa pikipiki akitutazama. Nilimwomba msamaha kwa miaka yote niliyocheka desturi yao.

Nyumbani, mama alisogea kumpisha dada yake. Mama mkubwa akakaa mkekani, akafungua mfuko. Ndani yake palikuwa na kitenge cheusi, kimekunjwa vizuri. Alisema hakuwa na hakika, kwa hiyo alibeba kuku wa kula na dada aliye hai na kitenge cha kumlilia marehemu, akaacha Mungu achague. Mama akakishika kile kitenge, akakipima kwa vidole, akasema ni kizuri mno kwa ajili yake, afadhali angeleta cha bei ndogo. Walicheka mpaka mama mkubwa akashika kifua nikaogopa upya. Jioni ile tulikula kuku pamoja na wale wanawake wa kwaya, waliokuja kumlilia mama wakaishia kulamba vidole mbele yake. Sijawahi kushona nguo ya sherehe iliyokuwa na furaha kama jioni ile.

Baada ya siku saba nilirudi kwenye akaunti yangu na nikaweka namba ya siri. Kanisani tulisimama wawili, mimi na kiongozi wa kwaya, tukasema mbele ya watu jinsi tulivyodanganywa, ili asipatikane wa tatu. Siku hizi ujumbe wowote unaonihimiza haraka naujibu polepole. Nampigia mtu nisikie sauti yake, na kama ni jirani naweka mkasi chini naenda mlangoni kwake.

Mama aliishi misimu mingine miwili ya mvua, naye aliifurahia kama zawadi. Kila akikosana na mtu alimkumbusha kwamba alishakufa mara moja. Kisha asubuhi moja hakuamka.

Sikumwandikia mtu. Niliwaomba majirani wakae kimya kwanza, nikaiacha simu juu ya cherehani, nikapanda gari la Sange. Nilimkuta mama mkubwa anaanika mihogo. Nikapiga hodi. Alinitazama usoni, nami nikaomba maji. Aliingia ndani polepole, akaniletea kikombe. Nikanywa nusu. Nusu iliyobaki nikampa.

Alikipokea kwa mikono miwili, akanywa yote, akakaa chini kwenye kizingiti.

“Aksanti, mutoto wangu,” alisema. “Umekuya weye mwenyewe.”

Ndipo alipolia.