Maharage ya Kifaransa Jikoni kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hali maharage. Ujana wake aliumalizia uhamishoni Morogoro, pamoja na Waafrika Kusini wenzake, na huko, kwa maelezo yake mwenyewe, walikuwa wakiamka na maharage na kulala na maharage. Aliporudi Johannesburg alirudi na Kiswahili na mtoto wa kiume aliyezaliwa kule, lakini maharage akayaacha hukohuko. Nyumbani kwake Observatory hayaingii, hata ya kopo.

Mimi ndiye niliyeolewa na huyo mtoto wa kiume. Tunaishi Troyeville, jijini humohumo, katika nyumba ya zamani yenye dari refu, ambayo wakati wa baridi huwa na ubaridi kuliko nje. Jioni moja mume wangu, akiwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, alinionyesha video kwenye simu. Wafaransa walikuwa wanatoa chungu kwenye oveni: maharage meupe, nyama za kila aina, na juu yake ukoko wa mkate uliobabuka vizuri.

"Hiki ndicho chakula cha baridi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa maisha yake yote.

Maelekezo yalikuwa ya Kifaransa, basi nikayapeleka kwa jirani yangu wa mlango wa pili. Ni msusi, mwenyeji wa Lubumbashi, na kwa kujiamini sijaona mtu wa kumfikia. Aliyasoma huku mkono mmoja ukiwa bado kwenye nywele za mteja.

"Acha woga, yaya," akaniambia, maana kwao yaya ni dada. "Kifaransa nimesoma tangu ku masomo ya watoto. Hii tutapika miye na weye."

Kikwazo cha kwanza kilikuwa bata. Maelekezo yalitaka bata, na muuza nyama wetu alisema bata mpaka aagizwe. Jirani alifikiri kidogo, kisha akaelekeza kidole kwenye mapaja ya kuku.

"Kuku ni bata asiyejua kuogelea," akasema. Tukanunua kuku, nyama ya kondoo, na ile soseji ndefu ya hapa inayouzwa imejiviringisha kama mpira wa kumwagilia bustani.

Jumamosi tukaanza asubuhi. Maharage yalikuwa yamelala kwenye maji usiku kucha. Tukakaanga nyama, tukakaanga vitunguu na karoti, tukapanga kila kitu kwenye sufuria zito la chuma, na juu tukamwaga chenga za mkate. Jirani alikuwa akinisomea kila hatua kwanza kwa Kifaransa, kwa sauti ya padri, ndipo akatafsiri. Tukaliingiza sufuria kwenye oveni, moto mdogo, tukakaa karibu yake tunaota joto na kuwasema watu.

Mchana friji likanyamaza. Jirani alitoka nje kutazama. Majirani wote walikuwa getini wanaulizana. Waya wa umeme ulikuwa umeibwa tena, na mafundi hakuna aliyejua watakuja lini.

"Nani iko na oveni ya gesi?" akauliza jirani.

Nilimjua mtu mmoja tu.

"Yupo," nikasema. "Lakini hali maharage."

"Sisi tunaomba jiko. Hatuombi mdomo yake."

Mume wangu alikuwa kazini Marshalltown na gari letu, kwa hiyo tukaita teksi kwa simu. Dereva alipoona sufuria alitaka kuondoka. Jirani aliliweka kiti cha nyuma, akalizungushia blanketi, akalifunga mkanda.

"Unaona? Abiria," akamwambia.

Dereva akatupeleka pole pole, na kila robot, yaani taa za barabarani kwa lugha ya hapa, lilipowaka jekundu aligeuka kutazama kama abiria hajamwagika. Kwenye mlima wa kupanda Observatory nililikumbatia kwa mikono miwili.

Mama mkwe alifungua mlango akiwa na kofia ya sufu na koti juu ya koti.

"Makoti," akaniita, kama wanavyomwita hapa mke wa mtoto wao, "mmebeba nini?"

"Nyama, Mama. Umeme umekatika kwetu."

"Nyama gani?"

"Kondoo, kuku na soseji."

"Na nini?"

"Na mkate," akadakia jirani, na kusema kweli, akifunua mfuniko, mkate ndio pekee ulioonekana. Mama akanusa. Akatupisha.

Nilitegemea atarudi sebuleni. Lakini oveni ilipowaka, jiko likawa ndicho chumba chenye joto kuliko vyote, basi akavuta kiti, akaketi mbele yake na kikombe cha chai. Ikafika saa ya kuuvunja ukoko na kuudidimiza chini ili uote mwingine. Maelekezo yalisisitiza jambo hilo mara kadhaa. Nilimkonyeza jirani asifanye. Akafungua oveni, akashika mwiko.

"Mnapika au mnazika?" Mama akauliza.

"Njo sheria yake, Mama," akasema jirani, na akachota. Harage moja jeupe, nene, likapanda juu ya mwiko na kukaa pale.

Mama aliliangalia. Aliniangalia mimi. Akaliangalia tena.

"Hicho ni nini?"

"Ariko," akajibu jirani, na neno la Kifaransa likatoka tamu kabisa.

"Ariko. Ni mboga?"

"Ni mboga."

"Inafanana na maharage."

"Hata miye ilinishangaza, Mama."

Niliinamisha uso kwenye kitambaa cha vyombo ili nisionekane.

"Mimi," akasema Mama taratibu, "maharage nayajua hata yakivaa suti." Lakini hakusimama. Nje jua lilikuwa linazama na baridi inapiga madirisha.

Mume wangu, niliyempigia simu aje huku, alipofika tukapakua. Mama alitangaza kwamba atakula nyama peke yake. Akawa anayasukuma maharage pembeni ya sahani, moja moja, kama mtu anayepanga shanga. Akala soseji. Akala paja la kuku. Kisha nikaona lile fungu la pembeni linapungua. Mume wangu alikuwa anatazama dari.

"Kule tulipika kwenye pipa," Mama akasema ghafla. "Wakati wa mvua kuni zilikuwa zinatoa moshi mtupu. Nilikuwa na rafiki, yeye ndiye aliyekuwa anakoroga, na alikuwa anaimba vibaya sana. Chumvi ikiisha anazidisha kuimba." Akachota harage jingine. "Alikufa kabla hatujarudi."

Mume wangu aliacha kula. Kumbe hata yeye hakuwahi kulisikia hilo. Jirani akamwongezea Mama mchuzi bila kuuliza, na Mama hakukataa.

Baada ya kitambo akamgeukia jirani. "Huko Ufaransa kumbe wanakula hivi?"

"Sijui, Mama. Sijafikaka. Mi niko wa Lubumbashi."

"Lakini hiki chakula umewahi kukila?"

"Leo."

Mama alicheka mpaka kofia ikamwangukia machoni, nasi tukacheka naye, jirani kuliko wote. Mume wangu alipoanza kutafuta chombo cha kuchukulia mabaki ya kupeleka kazini, mama yake alilivuta sufuria upande wake wa meza na kulifunika.

"Hiki kinakaa hapa," akasema. "Wewe una mke."