Mstari wa Asubuhi

Saa mbili kamili, kabla ya kugusa kazi ya mteja yeyote, wanafunzi tisa wa Mama Fundi hushona mstari mmoja ulionyooka juu ya kipande cha kitambaa chakavu. Yeye hupita cherehani baada ya cherehani, anachukua kipande, anakivuta, anakitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Wewe, uzi umekatika mara tatu. Una nini?"

"Hasira tu, Mama Fundi."

"Hasira haiji peke yake. Umeonewa, umeaibishwa, au unaogopa?"

Asiyejua jibu hagusi mashine. Hukaa kwenye benchi la ukutani akifumua pindo za nguo kuukuu mpaka alipate. Vijana hawa wana miaka kati ya kumi na mitano na ishirini na miwili, na zaidi ya nusu walifukuzwa shule kwa kupigana. Kwa miaka sita, hakuna aliyeinua mkono ndani ya karakana. Wazazi huwaleta hapo hata wasiotaka ushonaji.

Nyumbani kwake, vyumba viwili nyuma ya soko, binti yake wa pekee hajamsemesha kwa siku ishirini na sita. Ana miaka kumi na sita. Jumamosi anahamia kwa shangazi yake.

Chanzo ni benchi lile. Kijana mmoja mwembamba, wenzake humwita Sindano, alifiwa na baba akarudi kazini akiwa bubu. Alifumua pindo siku tatu. Siku ya tatu, Mama Fundi akihofia kumpoteza, alisema mbele ya wote: "Namjua msichana aliyefiwa na baba yake miaka minne iliyopita. Mpaka leo hulala na shati la baba chini ya mto. Haoni haya. Na wewe usione."

Sindano alilia, akasema, akarudi kwenye mashine. Siku hiyo Mama Fundi aliiona kuwa ndiyo bora katika kazi yake.

Hakutaja jina. Lakini kila mtu pale alijua kuwa Mama Fundi ni mjane wa miaka minne mwenye mtoto mmoja, na mwanafunzi mmoja ana mdogo wake katika darasa la binti huyo. Kufikia Alhamisi, darasa zima lilikuwa likimwita Shati.

Binti alirudi nyumbani akasimama mlangoni na mkoba mgongoni.

"Mama, uliwaambia?"

Hapo mama alifanya kosa la pili, ambalo yeye mwenyewe analihesabu kuwa kubwa kuliko la kwanza. Alivuta kiti, akatumia sauti ile laini ya karakana. "Tulia kwanza, mwanangu. Niambie unajisikiaje. Umeaibishwa, au..."

Binti aliingia chumbani akafunga mlango. Tangu siku hiyo, hata salamu hakuna.

Mama amepiga magoti. Ameandika barua, zikarudi chini ya mlango bila kufunguliwa. Amemleta yule mwanafunzi mwenye mdogo darasani aombe radhi, akauomba mlango uliofungwa. Maji yakimwagika hayazoleki, walimwambia majirani, kana kwamba hajui.

Jumatatu ya wiki ya mwisho kabla ya binti kuhama, Mama Fundi naye alishona mstari wake. Sindano ndiye aliyekichukua kipande akakipeleka dirishani.

"Mama Fundi, uzi umekatika mara tano. Leo benchi ni lako."

"Mganga hajigangi!" mmoja akapaza sauti, wakacheka. Kisha wakamwona akienda benchini kweli, akakaa, akachukua wembe na pindo. Kicheko kilikufa.

Alifumua mpaka adhuhuri. "Naogopa," alisema hatimaye.

Sindano hakuinua macho kwenye kazi yake. "Usituambie sisi, Mama Fundi. Sisi tumeshasikia mengi."

Jumamosi asubuhi, binti alikuwa akifunga zipu ya begi. Mama alisimama mbali, mikono nyuma, asije akamshika.

"Sikuulizi kitu," alisema. "Nasema langu tu. Naogopa ukitoka hapa hutarudi. Kile kilikuwa chako, nikakitoa kumponya mtoto wa watu. Sikuwa na haki."

Zipu ilifika mwisho. Binti alinyanyua begi.

"Shati nimelitupa."

Yalikuwa maneno ya kwanza.

"Wapi, mwanangu?"

"Jalala la soko. Jumanne."

Gari la taka hupita Jumatano. Wote wawili walilijua hilo. Binti akatoka, hakuaga.

Mama Fundi alikwenda jalalani hata hivyo. Wauza mboga walimwona akifukua kwa mikono, fundi mwenye heshima zake, magunia, maganda, vitambaa vya rangi zote. Shati lile la mistari ya buluu halikuwapo. Alikuwa bado ameinama pale simu ilipoita. Shangazi mtu.

"Wifi, mtoto amefika."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Amekaa kitandani na begi lake miguuni. Nimuulize nini kimemsibu? Wewe ndiye mwenye ujuzi huo, nifundishe."

Mama Fundi alifuta mkono mmoja kwenye gauni, halafu mwingine.

"Usimuulize kitu, wifi," alisema. "Nakuomba. Mpe chakula, umwache."