Kimeru Kilichonitoka Kichwani

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi. Nitasema polepole, mnivumilie. Maneno mengine bado yanachelewa kufika.

Naitwa Eliamani. Nilizaliwa kijijini Kikwe, nikalelewa na bibi yangu, mama mzazi wa baba. Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo kwake tuliongea Kimeru tu. Hata nilipopata kazi mjini nikapanga nyumba mtaa wa Njiro na mke wangu, Neema, nilimpigia bibi simu kila jioni, ananipa habari za migomba na ng'ombe.

Kazini nilikwenda kwa skuta ya umeme, ile ya kusimama. Haina kelele, haijui foleni. Niliipenda. Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika, nikashuka mteremko kwa kasi. Mbele niliona dimbwi dogo. Kumbe chini yake ni shimo. Gurudumu la mbele likazama, skuta ikagoma, mimi nikaruka. Kichwa kikagonga ukingo wa barabara. Sikuwa nimevaa kofia ngumu.

Nilisimama, nikawaambia watu, "Niko sawa." Damu ilikuwa inanitoka sikioni. Kisha nikatapika, nikaanguka. Yaliyofuata nimesimuliwa na Neema. Hospitalini daktari alimwambia, "Damu imevujia ndani ya fuvu, inakandamiza ubongo. Lazima tumfungue sasa hivi."

Nilipozinduka nilikuwa na mpira wa mkojo, kichwa kimenyolewa na kushonwa, mkono wa kulia mzito kama gogo. Nilitaka kuomba maji, ukatoka mlio tu. Nikalia. Neema akanifuta mate. "Tutaanza na hilo hilo, mume wangu. Sema maji."

Kiswahili kilirudi neno kwa neno. Kimeru hakikurudi.

Nilipotoka hospitali, shangazi alimleta bibi Njiro. Bibi alinipapasa kovu, akaongea kwa muda mrefu. Sauti niliijua. Maneno sikuyapata hata moja. Nikamgeukia shangazi: "Anasemaje?"

Bibi akaondoa mikono yake kichwani mwangu. Akamwuliza shangazi jambo, shangazi akainama.

"Anauliza kama huyu ni mtoto wake, au tumemletea mtu mwingine."

Daktari alinieleza kwamba lugha moja huweza kutangulia, nyingine ikafuata. Ni kweli ilifuata, lakini tulikuwa tumeshamzika bibi. Siku moja baada ya mazishi shangazi alinikaribisha chai, nikamjibu kwa Kimeru bila kujua. Akaweka birika chini. Tulilia wote wawili.

Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari, namshukuru Neema aliyenifundisha kusema kama mtoto. Ninyi mnaopanda skuta na vile vibao vya umeme vyenye magurudumu, barabara zetu mnazijua, na magurudumu yale ni madogo. Vaeni kofia ngumu. Punguzeni mwendo. Dimbwi msiliamini. Na ukigonga kichwa, hata kama umesimama mwenyewe, nenda hospitali.

Mimi nimepona, natembea, naongea. Ila siku ile bibi aliuliza kama mimi ni mtoto wake, na hakuna aliyestahili kumjibu isipokuwa mimi.